Makombo kwa nguruwe: maswali ninayoulizwa kila siku

Mimi nafuga nguruwe, na kila nikikutana na wafugaji wenzangu lazima hili la makombo liibuke, mara nyingi linaulizwa kwa haraka na linajibiwa kwa haraka, afu mtu anaenda kufanya alichozoea. Nimeamua kuyaandika hapa yote kwa utulivu kwa sababu hili jambo linaniuma, nimeona watu wakipoteza banda zima kwa kitu ambacho wangeweza kukiacha jikoni.

Makombo ni yapi hasa? Mbona kila mtu ana maana yake?

Kwa maana ya ugonjwa, makombo ni chakula chochote chenye nyama au kilichogusana na nyama. Iwe mbichi, imepikwa, imekaushwa, imetiwa chumvi, ya kopo, soseji, bekoni, supu, mafuta yaliyokaangiwa nyama, mifupa, hadi mchuzi uliobaki kwenye sahani. Viazi vilivyokaa sahani moja na kipande cha nyama ni makombo. Wali uliomwagiwa mchuzi ni makombo. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wanadhani makombo ni vile vitu vilivyooza tu, kumbe usafi wa chakula na kuoza kwake havihusiani kabisa na hili. Swali la kujiuliza ni moja: hiki kitu kimepita karibu na nyama?

Lakini chakula chenyewe nimekula mimi na wanangu, hamna aliyeumwa. Kitamdhuru vipi nguruwe?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na ndo linalotuponza. Homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa wa kirusi unaoua nguruwe na ndo tunaouogopa zaidi kwenye makombo, haimpati binadamu kabisa. Unaweza kula nyama ya nguruwe mwenye hicho kirusi, ukashiba, ukalala vizuri, na kesho ukaamka mzima, kwa hiyo wewe huwezi kuwa kipimo. Kirusi hakina harufu, hakibadilishi ladha, hakifanyi nyama iwe na utelezi. Kipande kile kile ulichokila kwa raha ukimtupia nguruwe kinaweza kummaliza yeye na wenzake wote.

Na nyama haihitaji kutoka kwa nguruwe aliyeonekana mgonjwa. Mnyama anaweza kuchinjwa siku chache kabla dalili hazijatokea, nyama ikapita, ikauzwa, ikasafiri mbali sana na pale ilipochinjwa. Kuna wengine, inasikitisha kusema, wakiona nguruwe mmoja amekufa wanawahi kuchinja waliobaki wauze kabla hawajafa, hiyo nyama inaingia majikoni mwa watu na mabaki yake yanarudi kwenye mabanda.

Kirusi kinakaa kwenye nyama muda gani?

Muda mrefu kuliko unavyofikiria. Kwa homa ya nguruwe ya Afrika, nyama iliyokaa kwenye friji inaweza kubaki na kirusi hai hadi siku 110 hivi, nyama iliyokaushwa hadi siku 300, na ile ya kwenye friza hadi siku 1000. Kugandisha hakukiui, kunakihifadhi. Chumvi na moshi navyo sio kinga ya kutegemea. Kwa hiyo mtu anayesema "hii ilikaa kwenye friza miezi sita, haina kitu tena" amegeuza mambo juu chini.

Ni magonjwa gani hasa tunayoyaogopa?

La kwanza ni hiyo homa ya nguruwe ya Afrika. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, ngiri wanaishi nacho hicho kirusi bila kuumwa, kupe laini wanakibeba, lakini kikimwingia nguruwe wa kufugwa ni kilio, aina kali zinaua karibu wote bandani. Tiba hamna. Chanjo zimeanza kuidhinishwa Vietnam miaka ya karibuni ila sio kitu ambacho mfugaji wa kawaida duniani anaweza kukitegemea.

Kuna homa nyingine ya nguruwe, ile isiyo ya Afrika, dalili zake zinafanana mno mpaka bila maabara huwezi kuzitofautisha, ni kirusi kingine kabisa na hiyo ina chanjo.

Halafu kuna ugonjwa wa miguu na midomo, na huu nauogopa kwa namna yake kwa sababu hauishii kwa nguruwe, unakwenda kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo. Nguruwe akishaupata kwa kula anatoa virusi vingi sana kwa pumzi, kuliko hata ng'ombe, kwa hiyo banda moja la nguruwe linageuka kuwa kama bomba la kurushia ugonjwa kwa majirani ambao hata nguruwe hawana.

Kweli ndoo moja ya makombo inaweza kuleta balaa la nchi nzima?

Imeshatokea, na zaidi ya mara moja.

Februari 2001 Uingereza, daktari kwenye machinjio moja huko Essex aliona malengelenge kwa nguruwe. Wakafuatilia nyuma nyuma mpaka wakafika kwenye shamba moja la nguruwe Heddon-on-the-Wall, kule Northumberland, ambako nguruwe walikuwa wanalishwa makombo ambayo hayakuchemshwa inavyotakiwa. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeshakaa pale kimya kimya, umeshavuka kwenda kwa kondoo wa jirani, na kondoo wameshapelekwa minadani. Kufikia mwisho wake zaidi ya wanyama milioni 6 walikuwa wameuawa, wengi wao wazima, wameuawa ili tu kukata njia ya ugonjwa. Uchaguzi mkuu wa nchi ulisogezwa mbele mwezi mzima. Fikiria hilo, uchaguzi wa taifa unaahirishwa na chanzo ni chakula cha nguruwe.

Ureno 1957, homa ya nguruwe ya Afrika ilitoka nje ya Afrika kwa mara ya kwanza, na ilianzia kwa nguruwe wa karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon waliolishwa mabaki ya chakula cha ndegeni. Ilizimwa, ikarudi 1960, ikaingia Hispania, na kule ilichukua mpaka miaka ya 1990 kuing'oa. Miaka thelathini na zaidi! Na 2007 ikaingia Georgia, inaaminika ilishuka na mabaki ya chakula ya melini kwenye bandari ya Poti, kutoka pale ikasambaa Urusi, Ulaya mashariki, na 2018 ikaripotiwa China. Ndio maana mabaki ya chakula cha ndege na meli za kimataifa hayatakiwi kabisa kumkaribia mnyama, sheria nyingi zinataka yachomwe au yafukiwe mahali maalumu, hata kama ni mkate mzima uliofungwa vizuri kwenye karatasi.

Je, nikichemsha?

Kisayansi joto linaua hivi virusi, hilo halina ubishi. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linaweka kiwango cha makombo kuwa angalau nyuzi joto 90 kwa angalau dakika 60 huku yakikorogwa muda wote. Marekani sheria inasema yachemke nyuzi 100 kwa dakika 30, New Zealand nyuzi 100 kwa saa nzima.

Shida iko kwenye utekelezaji. Hebu simama karibu na pipa la makombo linalochemka uliangalie. Juu kunatokota, mvuke unatoka, unaona kabisa yameiva. Ila chini kuna donge la wali lililoshikana na ndani yake kuna mfupa wenye nyama, na katikati ya donge hilo joto halijafika hata nusu ya linalotakiwa. Kipimajoto hamna, saa hakuna aliyeangalia, kuni zimeisha dakika ya ishirini. Afu anakuja mtu na ndoo ile ile iliyoletea makombo mabichi, anachotea yaliyopikwa, anapeleka bandani. Kazi yote imekufa pale kwenye ndoo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kama sheria ya nchi yako inaruhusu kuchemsha, na mara nyingi inataka uwe na leseni na ukaguliwe, basi fanya kama kiwanda. Kipimajoto, saa, kukoroga bila kuacha, upande wa mabichi na upande wa yaliyopikwa kila mmoja na ndoo zake na buti zake, nguruwe wasifike kabisa eneo la kupikia. Kama huwezi hivyo usijidanganye na sufuria ya nyumbani. Na kama sheria inakataza, kuchemsha hakukuokoi, bado umevunja sheria.

Mimi nachukua maganda ya mboga na matunda tu, hiyo si sawa?

Inategemea yametoka wapi. Yakitoka shambani au sokoni kwa muuza mboga ambaye hauzi nyama, nchi nyingi hazina tatizo nayo. Yakitoka jikoni kunakopikwa nyama, hapo ndo pana utata. Uingereza wameenda mbali zaidi, hata ganda la kiazi likishapita jikoni kwa nyumba inayopika nyama huruhusiwi kumpa nguruwe, hata yule mmoja anayefugwa kama kipenzi.

Zamani niliona huo ni ukali usio na maana. Nilikuwa nachukua ndoo kwenye jiko la hoteli moja, tumekubaliana vizuri kabisa, mboga tu, wamenitengea ndoo yangu ya kijani na kifuniko chake. Siku moja ndoo ikateleza mkononi ikamwagika pale mlangoni mwa banda. Nikainama kuokota majani ya kabichi, chini yake nikakuta ncha mbili za soseji, ngozi ya bekoni iliyoviringika, na karatasi ya kufungia nyama ikiwa na damu bado. Hakuna aliyekusudia ubaya, mpishi ana haraka, ndoo iko karibu na mguu wake, anatupa. Nilijiuliza ni siku ngapi nyuma nilimimina bila kuangalia. Toka siku ile sijachukua tena ndoo jikoni kwa mtu.

Nina nguruwe wawili tu nyuma ya nyumba, sheria za mashamba makubwa zinanihusu nini?

Zinakuhusu sana. Kirusi hakihesabu nguruwe kabla ya kuingia. Tena sisi wadogo ndo tuna hatari zaidi kwa sababu mashamba makubwa yana uzio, yana chakula cha kiwandani, sisi tuna ndoo na majirani wema wanaokuja kumwaga mabaki bila hata kubisha hodi. Marekani sheria ya shirikisho haimbani mtu anayewapa nguruwe wake mabaki ya jikoni kwake mwenyewe, ila baadhi ya majimbo yamekataza hata hilo. Australia hakuna cha wawili wala mia, makombo yenye nyama hayaruhusiwi hata kwa kipenzi cha nyumbani.

Kwa ujumla sheria zinasemaje?

Kuna makundi kama mawili. Nchi zinazokataza kabisa na nchi zinazoruhusu kwa masharti ya kupika. Uingereza ilipiga marufuku Mei 2001 ule moto ukiwa bado unawaka, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka uliofuata kwa sheria yake. Marekani ina Sheria ya Kulinda Afya ya Nguruwe ya 1980, ya leseni na kuchemsha, na nyuma yake kuna historia: mwaka 1952 ugonjwa mmoja wa malengelenge ya nguruwe ambao kwa miaka ulikuwa California pekee ulitoroka na mabaki ya nyama mbichi ya nguruwe kutoka kwenye treni, ukasambaa majimbo zaidi ya 40. Baada ya hapo ndipo majimbo yakaanza kulazimisha kupika. Japani bado wanatengeneza chakula cha nguruwe kutokana na mabaki, tena kwa wingi, lakini ni viwandani, yanapikwa kwa kiwango na yanafuatiliwa.

Ya kwako muulize afisa mifugo au daktari wa mifugo wa eneo lako, na muulize maswali mawili tofauti: je kulisha kunaruhusiwa, na je kumpa au kumuuzia mwingine makombo kunaruhusiwa? Sehemu nyingi mwenye hoteli anayetoa ndoo naye ana kosa, sio mfugaji tu.

Mbona babu zetu walilisha makombo miaka yote?

Kweli walilisha, na hata serikali zilihimiza. Vita vya pili vya dunia Uingereza kulikuwa na maelfu ya vikundi vya watu waliofuga nguruwe kwa mabaki ya majirani. Ila zamani nyama ilitoka karibu, mnyama alijulikana na aliyemchinja alijulikana. Sa hivi kwenye sahani moja kunaweza kuwa na nyama ya nchi tatu. Nguruwe wako anakutana na magonjwa ya mabara ambayo wewe hujawahi kuyakanyaga.

Mkate wa bekari? Maziwa?

Mkate mkavu usio na nyama ndani, kutoka bekari moja kwa moja, nchi nyingi zinaruhusu. Sandwichi, mikate ya soseji, hapana. Maziwa ya kiwandani yanaruhusiwa sehemu kadhaa kwa masharti, uliza kwanza.

Ukiacha hivyo virusi, kuna shida nyingine?

Zipo. Nyama mbichi na panya waliokufa vinabeba minyoo midogo ya trikinela ambayo inajificha kwenye misuli ya nguruwe bila yeye kuonyesha chochote, afu inampata binadamu anayekula nyama isiyoiva, anavimba uso, misuli inauma, anaweza hata kufa. Salmonela nayo ipo, bakteria wa kuharisha.

Chumvi ndo watu hawaijui. Makombo ya majikoni yana chumvi nyingi, na nguruwe akikosa maji ya kutosha inampanda kichwani kwa maana halisi, ubongo unavimba. Utamwona anazunguka kama kipofu, anagonga ukuta, anakaa kama mbwa anavyokaa, afu anaanza kutetemeka na kuanguka. Wengi wakiona vile wanamwagia maji ndoo nzima anywe, na hilo linammaliza haraka zaidi. Maji anapewa kidogo kidogo, na daktari anaitwa hapo hapo.

Chakula chenye ukungu kina sumukuvu, kinaharibu ini na nguruwe hakui. Na vipo vijiti vya meno, plastiki, vipande vya glasi. Halafu makombo mengi ni maji tupu, unampa ndoo mbili tumbo linajaa ila protini hamna, unashangaa miezi inapita na uzito uko pale pale.

Tegu je, inatokana na makombo?

Hapana, sio na nyama iliyomo. Nguruwe anapata tegu kwa kula kinyesi cha binadamu mwenye minyoo hiyo, au chakula na maji yaliyochafuliwa nacho. Dawa yake ni choo kinachotumika na nguruwe wasiozurura.

Basi niwape kuku?

Sehemu nyingi waliokataza kwa nguruwe wamekataza kwa kuku pia, na kwa ng'ombe na mbuzi ndo kabisa. Tena kuku na nguruwe wakikaa uwanja mmoja utakuwa umezunguka tu, nguruwe atayafikia.

Sasa makombo niyapeleke wapi?

Mtambo wa biogesi ukiwepo ni mahali pazuri sana, kama haupo tengeneza mboji kwenye shimo au pipa lenye mfuniko na uzio ambao nguruwe, mbwa na nguruwe pori hawapiti. Yenye nyama yafukie chini kabisa. Jalala la wazi karibu na banda usiliache hata siku moja, na msafiri anayetupa nusu ya sandwichi dirishani kwenye msitu wenye nguruwe pori naye amelisha makombo, Ulaya ugonjwa umesafiri hivyo hivyo ukaruka umbali ambao nguruwe pori kwa miguu asingeufika.

Mfanyakazi wangu anakuja na chakula chake cha mchana. Nimkataze?

Usimkatalie kula, mtengee mahali. Nje ya uzio, penye maji na sabuni na pipa lenye kifuniko. Anawe mikono kabla ya kurudi bandani. Na mweleze kwa nini, mtu akielewa sababu hahitaji kuchungwa, asipoelewa atamrushia nguruwe mfupa kwa huruma kabisa, kwa kuwa anampenda.

Nimeshawapa, tena leo asubuhi. Nifanyeje?

Kwanza toa kilichobaki kwenye kihori, kifukie, sugua kihori na ndoo kwa sabuni mpaka uchafu utoke ndipo upake dawa ya kuua vijidudu, ukipaka juu ya uchafu haifanyi kazi. Andika tarehe. Kuanzia hapo usiuze, usihamishe, usichinje, usimwazime mtu dume, na buti za bandani zibaki bandani. Homa ya nguruwe ya Afrika inachukua siku 4 hadi 19 kujionyesha, kwa hiyo hesabu wiki tatu na kila asubuhi waangalie kabla hujawapa chakula: nani hajainuka, nani ameacha kula, nani amelaliana na wenzake kama ana baridi. Pima joto, likigonga nyuzi 40 na nusu kwenda juu piga simu. Wekundu au ubluu masikioni na tumboni, kuhara damu, mimba kutoka, kuchechemea, malengelenge puani au kwenye kwato, piga simu saa hiyo hiyo, usisubiri jioni uone kama atapata nafuu.

Akifa ghafla usimpasue kuangalia ndani. Damu yake ndo imejaa kirusi kuliko kitu chochote na ikimwagika udongo wote wa pale umechafuka. Mfunike pale pale alipo, funga mlango wa banda, zuia mbwa, na ubaki hapo nyumbani bila kupita kwa mfugaji mwenzako mpaka daktari afike.